Maswali ya Jikoni: Aiskrimu ya nanasi ya Disneyland, mbona yangu haisimami?

Safari hii barua karibu zote zinazunguka kitu kimoja: Dole Whip, ile aiskrimu laini ya nanasi inayouzwa kwenye bustani za burudani za Disney huko Marekani. Waliokwisha kuionja wanataka kuipata nyumbani, na wengi wamekwama mahali palepale. Vipimo vyetu ni hivi: kikombe ni mililita 240, kijiko cha mezani 15, kijiko cha chai 5. Mwenye mizani aitumie. Vipande vya nanasi havijai kikombe sawasawa hata mara mbili.

Hamjambo wapishi. Binti yangu alionja aiskrimu ya nanasi kule Disneyland, California, na tangu arudi hana wimbo mwingine. Nimesaga nanasi lililoganda na aiskrimu ya vanila, imetoka juisi nzito ya kunywa kwa mrija. Nakosea wapi?

Hujambo mama. Hukukosea sana. Mwaka 2020 Disney yenyewe ilitoa kipimo cha kutengenezea nyumbani: kijiko kimoja kikubwa cha aiskrimu ya vanila, aunsi 4 za juisi ya nanasi, yaani karibu mililita 120, na vikombe 2 vya nanasi lililoganda. Saga, kunywa, basi. Ni kinywaji kizuri, ila kwa juisi yote hiyo kusimama kama mnara ni bahati nasibu. Na vanila, kwa maoni yetu, inaufunika ule ukali wa nanasi ambao ndio sababu ya mtu kupanga foleni juani.

Jua kwanza unachoiga. Kampuni ya Dole ilianza kudhamini onyesho la Enchanted Tiki Room pale Disneyland mwaka 1976, na aiskrimu yake laini ikafika hapo mwaka 1986. Haina maziwa. Huanza kama unga wenye sukari, ladha ya nanasi, mafuta kidogo ya nazi na viungo vya kuushikamanisha. Unga huo huchanganywa na maji, kisha mashine huugandisha huku ikiukoroga na kuupiga hewa, na huutoa ukiwa karibu nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani iko nyuzi 18 chini ya sifuri na haikorogi chochote. Kwa hiyo nyumbani tunakwenda kinyumenyume: tunagandisha tunda mpaka liwe jiwe, halafu tunalisaga lipande joto kidogo hadi pale mashine inapoishia. Kila tone la majimaji unaloongeza, na kila dakika blenda inayozunguka bure, vinakupitisha pale unapotaka kusimama.

Kipimo chetu, cha bakuli 4 ndogo:

Nanasi lililomenywa na kukatwa, gramu 500
Sukari, gramu 60
Juisi ya nanasi, mililita 40
Tui zito la nazi, mililita 40
Maji ya ndimu, vijiko 2 vya chai
Chumvi, chembe za ncha ya kisu
Unga wa zanthani (xanthan gum, unga wa kuyashika maji yasijitenge), robo kijiko cha chai (si lazima, lakini unasaidia)

Nanasi la kilo moja na nusu, ukishaondoa maganda, macho na gongo la katikati, hubaki karibu nusu ya uzito wake. Usiliache gongo kwa kubana matumizi. Lina nyuzi ambazo blenda haizimalizi, utazikuta kwenye meno. Kata vipande vya sentimita 2, vitandaze kwenye trei safu moja visigusane, na viache friza usiku kucha. Vikigandishwa vikiwa rundo ndani ya mfuko vinashikana bonge moja, na bonge hilo ndilo linalovunja visu.

Changanya sukari na unga wa zanthani vikiwa vikavu, kisha mimina kwenye juisi na tui huku ukikoroga. Pasha moto kidogo tu, sukari iyeyuke. Tia ndimu na chumvi, poza, weka friji hadi yawe baridi kabisa. Majimaji ya vuguvugu yakimwagiwa nanasi lililoganda, kazi ya friza ya usiku mzima imeharibika kwa sekunde 10.

Toa nanasi friza, liache kaunta dakika 5, si zaidi ya 8. Saga nanasi peke yake kwanza kwa kubonyeza na kuachia. Sauti inaanza kama kokoto ndani ya debe. Baadaye vipande vinakuwa chenga, kama mchanga mnyevu, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kumimina juisi. Usimimine bado. Zima, kwangua kingo kwa mwiko wa mpira, endelea. Chenga zikianza kugandamana, ndipo utie yale majimaji baridi kidogo kidogo. Mngurumo unakuwa mzito, na ghafla mchanganyiko unakusanyika, unang'aa, rangi inafifia kuwa njano ya siagi kwa sababu umeingia hewa. Simama hapohapo. Sekunde 20 za ziada na inaanza kulegea.

Salaam. Mimi nilitumia nanasi bichi na maziwa freshi. Siku ileile ilikuwa tamu. Iliyobaki niliiweka friji nikiwa na nia ya kuigandisha jioni, nikaikuta chungu na imekatikakatika. Maziwa yalikuwa mapya kabisa.

Maziwa hayana kosa. Nanasi bichi lina bromeleini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Ndicho kinacholainisha nyama iliyolazwa kwenye nanasi, na ndicho kinachoufanya ulimi uwashe ukila nanasi jingi. Kikikutana na protini za maziwa kinazivunja vipande vidogo vyenye ladha chungu. Asidi ya nanasi nayo inayakata maziwa kwa upande wake, ndiyo maana ukaona mabonge.

Kugandisha hakuui bromeleini. Kunaipunguza kasi tu, na kazi inaendelea mchanganyiko ukiyeyuka. Kinachoiua ni joto. Kama lazima utumie maziwa, krimu au mtindi, weka vipande vya nanasi kwenye sufuria bila maji na uvipike kwa moto mdogo hadi vitoe juisi yake na kuchemka taratibu, dakika 8 hadi 10, ukigeuzageuza ili joto lifike katikati ya kila kipande. Utaona rangi inakolea na vipande vinakuwa kama vioo. Poza, chuja, gandisha vipande, na hiyo juisi iliyochujwa iwe ndiyo ya kusagia. Ladha inasogea kidogo kuelekea jamu. Ndiyo gharama yake.

Nanasi la kopo limekwisha kupikwa kiwandani, kwa hiyo halina shida hii. Kama limo kwenye sharubati, lichuje vizuri na upunguze sukari ya kipimo chetu hadi gramu 30, uonje, kisha uongeze ukitaka. Ukiliwa mchanganyiko papo hapo, hata la bichi na maziwa halina neno, maana uchungu unahitaji muda. Lakini kwa kuwa ile ya bustani yenyewe haina maziwa, sisi tungetumia tui na kuachana na mgogoro huu.

Kuna msomaji mwingine aliyetaka kuiimarisha kwa jelatini, ikabaki maji. Ni kisa kilekile: jelatini ni protini, nanasi bichi linaila.

Wapishi, blenda yangu inazunguka lakini nanasi halishuki. Kisu kinapiga hewa, vipande vimekaa juu vinaniangalia. Mara ya mwisho ilianza kunuka.

Zima ikinuka, ndugu yetu, na uiache ipoe kabisa. Ile harufu ni mota inayoungua, haitokani na chakula.

Kinachotokea ni kwamba kisu kinachimba pango kujizunguka chenyewe, halafu vitu vya juu vinajishikilia kwenye kuta. Blenda ndefu nyembamba zinapata ugonjwa huu kuliko mashine ya kusagia chakula yenye bakuli pana na kisu kilichokaa chini. Kama unayo hiyo ya bakuli pana, blenda iache kwa juisi. Kama huna, saga nusu ya kipimo kwa wakati, gramu 250, na weka majimaji yote ya nusu hiyo chini kabla ya nanasi, kinyume cha tulivyomwambia mama hapo juu, maana blenda bila majimaji chini haina cha kushika. Bonyeza sekunde 3, achia, zima, chomoa, sukuma vya juu vishuke kwa mwiko, rudia. Ukishaona duara linalojivuta lenyewe kuelekea katikati, umefika.

Usisaidie kwa kuongeza juisi vijiko viwili viwili mpaka ikubali. Itakubali, naam, lakini utakuwa umerudi kwenye kinywaji. Afadhali kuongeza muda kaunta dakika 2. Na mwiko usiingie blenda ikizunguka, hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Ladha nimeipata, asanteni. Ila ule mzunguko wa juu kama kilemba siuwezi. Ninaijaza kwenye mfuko, inatoka maji pembeni na donge katikati.

Mikono yako ndiyo jiko. Kiganja kina joto la kutosha kuyeyusha kilichogusana na plastiki huku katikati kukibaki kugumu, na ndivyo ulivyoona.

Weka mfuko wa kupambia keki, pamoja na pua yake ya nyota, friza nusu saa kabla. Pua iwe pana, mdomo wa milimita 12 hadi 15. Nyembamba huziba kwa nyuzi za nanasi na ukiminya kwa nguvu mfuko unapasuka nyuma. Bakuli za kupakulia nazo ziwe friza. Ukishasaga, jaza mfuko nusu tu, funga juu, ulaze friza dakika 20 hadi 30, na baada ya dakika 10 za kwanza uukande mara moja ili kingo zisitangulie kuganda. Unapominya, vaa glovu ya kitambaa au zungushia mfuko taulo ya jikoni. Anza ukingoni mwa bakuli, zungusha kuelekea ndani na juu, raundi tatu, kisha acha kuminya kabla ya kuinua, sio baada. Ncha inakatika vizuri hapo.

Unga wa zanthani, ule wanaoutumia waokaji wa mikate isiyo na ngano, unasaidia sana hapa kwa sababu unayashika maji yasijitenge. Robo kijiko cha chai kwa kipimo chetu inatosha. Ukiweka kijiko kizima kwa tamaa, aiskrimu itavutika kama gundi na hakuna dawa ya kuirudisha. Ukiunyunyiza moja kwa moja kwenye majimaji unashikana vidonge visivyoyeyuka, ndiyo maana tulisema uchanganywe kwanza na sukari.

Mfuko huna? Pakua kwa kijiko cha aiskrimu kilichochovywa maji ya moto, mimina juisi baridi ya nanasi pembeni hadi nusu ya glasi, umepata ile inayouzwa ikielea juu ya juisi. Wengi wanaipenda hivyo zaidi, na haihitaji ufundi wa kilemba.

Nilibakisha nusu friza. Kesho yake ni tofali, kijiko kimepinda. Pia naomba kujua: mume wangu amekatazwa sukari, naweza kuiacha kabisa?

Maswali yako mawili yana jibu moja, maana sukari hapa ina kazi mbili. Inatamisha, na inazuia maji yasigande yote. Kipimo chetu kikisagwa kina sukari karibu asilimia 18, pamoja na ile ya nanasi lenyewe. Hiyo inafaa kwa kuliwa dakika hiyohiyo, lakini kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri maji mengi yanaganda na fuwele zinashikana. Ukijua tangu mwanzo kwamba itakaa friza, weka sukari gramu 115 badala ya 60. Inafika karibu asilimia 24 na kijiko kinaingia baada ya dakika 10 kaunta. Theluthi ya sukari hiyo ikiwa asali, inalainika zaidi, ila asali ina ladha yake. Itakuwa tamu kupita ya bustani. Ongeza ndimu kijiko kimoja cha chai.

Njia tunayoipenda zaidi ni kutoihifadhi kama aiskrimu. Iliyobaki imimine kwenye trei ya vipande vya barafu, gandisha, kesho toa, subiri dakika 5, saga upya. Dakika moja na imerudi kama jana.

Kwa mume wako: ndiyo, sukari ya kuongeza unaweza kuiacha, na itasagika ikiliwa papo hapo, lakini itakuwa ya chengachenga na itayeyuka haraka. Vitamishi vile vya matone havisaidii ulaini, kwa sababu kiasi chake ni kidogo mno kuzuia maji yasigande. Zanthani usiiache. Na nanasi lenyewe lina sukari, karibu gramu 10 kwa kila gramu 100, kwa hiyo bakuli ya "bila sukari" bado ni ya kumwonyesha anayemtibu kabla ya kumwandalia.

Mbona yangu nyeupe wakati yao ni ya manjano?

Hewa inafifisha rangi, na yao imetiwa rangi. Manjano ya unga, kiasi cha kushikwa kwa ncha ya kisu, inatosha. Ukizidisha utainusa.

Mtoto wangu anataka churro za bustani hiyohiyo, vile vijiti vya unga vinavyokaangwa na kugaragazwa kwenye sukari na mdalasini. Nilizipika, mbili zikapasuka ndani ya mafuta na kunirukia mkono. Naogopa kurudia.

Pole sana. Uoga wako una haki, na churro inayopasuka si bahati mbaya, ina sababu.

Unga wa churro una maji mengi, na mafuta yanayageuza kuwa mvuke. Ukaukaji wa nje ukitangulia kabla mvuke haujatoka, ganda linakuwa kama chungu kilichofunikwa na kuzibwa. Hapo linapasuka. Mfereji wa nyota kwenye pua haukuwekwa kwa urembo: yale mabonde yanalifikisha joto karibu na katikati, unga unapanuka sawasawa na mvuke unapata pa kutokea. Ukiminya kwa mfuko uliokatwa tu ncha, unatoa bomba laini la mviringo, na hilo ndilo hatari. Sababu nyingine ni mapovu ya hewa ndani ya mfuko, na mafuta ya moto kupita kiasi.

Kipimo kilichotolewa na Disney mwaka uleule wa 2020 ni cha vipande vidogo, na kwa mtu aliyeungua ndicho cha kuanzia, kwa sababu kipande kifupi kinaiva katikati haraka. Maji kikombe 1, siagi vijiko 8 vya mezani, chumvi robo kijiko cha chai, mdalasini robo kijiko cha chai: vichemke pamoja. Punguza moto, tia unga wa ngano kikombe 1 na robo, koroga kwa nguvu hadi liwe donge linaloachia sufuria. Sisi tungeendelea kulikoroga motoni dakika moja zaidi, mpaka utando mwembamba ubaki chini ya sufuria. Unga ambao haukupikwa hapa unabeba maji mengi kwenda nayo kwenye mafuta. Epua, subiri dakika 5 hadi 7, kisha tia mayai 3, moja moja. Ukiwahi, mayai yanaiva na unapata vipande vya mayai ndani ya unga.

Jaza mfuko ukisukuma hewa itoke, minya kidogo kwenye sahani kwanza mpaka utoke bila kukohoa. Mafuta yawe nyuzi 175, upime kwa kipimajoto, si kwa kukisia kwa kijiti. Sufuria iwe yenye kina, mafuta yasipite theluthi yake. Minya vipande vya sentimita 2 na nusu, ukikata kwa mkasi karibu na uso wa mafuta ili visidondoke kutoka juu na kurusha. Vitano au sita kwa wakati. Ukijaza sufuria, joto linashuka chini ya 165 na vinanyonya mafuta. Likipanda kupita 190, nje kunakuwa kahawia na ndani uji mbichi.

Vikishakuwa na rangi ya dhahabu, toa kwenye karatasi ya kunyonya mafuta, hesabu hadi 30, kisha vigaragaze kwenye sukari nusu kikombe iliyochanganywa na mdalasini nusu kijiko cha chai. Vikipoa sukari haishiki, vikitoka tu mafutani inaloa. Vilivyolegea baada ya saa moja virudishe oveni yenye nyuzi 180 kwa dakika 5, uvigaragaze tena kwenye sukari iliyobaki.